King of Jazz (1930) kwenye Blu-ray, uzoefu wangu

Kama unapenda muziki wa bendi basi hii diski ni mali. Filamu ni ya Universal, 1930, dairekta John Murray Anderson, na haina stori kabisa, ni wimbo, dansi, vichekesho halafu okestra ya Paul Whiteman inaingia tena, vile vichekesho vimechuja sana siku hizi mimi navirukaga tu.

Ninachorudia kila mara ni pale wapigaji wanapotambulishwa. Joe Venuti na fidla, Eddie Lang na gitaa, kamera imewasogelea kabisa unafuata mikono yao bila shida, na Lang alifariki 1933 kwa hiyo kumwona akipiga hivi ni bahati kubwa. Halafu kuna Wilbur Hall, huyu anapiga wimbo kwa pampu ya baiskeli, pampu kweli ya kujazia upepo, na sauti zinatoka safi noti kwa noti! Usikivu kwa ujumla ni mzuri kwa filamu ya umri huo, Whiteman aling'ang'ania muziki urekodiwe kwanza ndio picha zipigwe. Bing Crosby naye yumo, bado kijana, anaimba na wenzake wawili.

Rangi sasa. Technicolor, yaani mfumo wa filamu za rangi, wakati ule ilikuwa na rangi mbili tu, nyekundu na kijani, bluu yenyewe ilikuwa haitoki, na hawa wanataka kupiga Rhapsody in Blue ya Gershwin, okestra imepangwa ndani ya piano moja kubwa ajabu, basi mafundi wakacheza na walichonacho ikatoka feruzi inayong'aa, kwenye hii kopi iliyosafishwa 2016 inapendeza mno.

Kinachoniuma ni mwisho. Wanaonyesha jazi kama chungu cha kuyeyushia vitu pamoja, wanaingia Waingereza, Waitalia, Wahispania, Warusi, kila mtu na muziki wake, ila Wamarekani weusi walioizaa hiyo jazi hawamo! Afrika imetajwa kidogo tu huko nyuma pamoja na ngoma zake ikapita. Na mwaka huohuo Duke Ellington, kiongozi wa bendi mweusi, na okestra yake walikuwa Hollywood wanapiga kwenye filamu ya Check and Double Check, kwa hiyo siyo kwamba hawakujulikana. Itazameni kwa ajili ya wapigaji lakini hilo mlijue.

Diski ya kampuni ya Criterion ya 2018 ni ya rijeni A, yaani imefungwa ichezwe na deki za eneo hilo tu, na deki za Blu-ray za Afrika ni rijeni B, ulizia kabla hujatoa hela.