Paking ya jirani na Kwa Mkapa: msije mkampeleka mzee wenu pale

Naandika hii bado nina hasira na sitajifanya zimeisha. Kama unaenda mechi Uwanja wa Benjamin Mkapa na gari lako, na kwenye gari una mtu mzima, mgonjwa wa miguu, mjamzito, au mtoto mdogo, basi soma mpaka mwisho kabla hujamkabidhi pesa kijana yeyote wa kizibao cha rifleta anayekupungia kitambaa pale barabarani.

Jina la hiyo yadi silitaji. Ni moja ya zile yadi za watu binafsi zinazogeuzwa paking siku za mechi, wenyewe wa Temeke mnazijua, siku za kawaida ni eneo tu lenye ukuta na geti la bati, ikifika siku ya Simba au Yanga kimataifa linafunguliwa, wanatokea vijana na vizibao na biashara inaanza. Sisi wa tiketi za kawaida gari hatuingizi ndani ya uwanja, kwahiyo tunawategemea hawa tutake tusitake.

Nilienda na mjomba wangu. Huyu mzee ni Simba wa damu, anaishi Morogoro, nyonga inamsumbua anatembea na fimbo. Mwaka 1993 alikuwepo pale Shamba la Bibi, uwanja wa zamani wa Uhuru, siku Simba inafungwa 2-0 nyumbani na Stella Abidjan kwenye fainali ya Kombe la CAF, mpaka leo ukimgusa hiyo mada anakusimulia goli zote mbili na nani alilala wapi. Uwanja mpya, huu uliofunguliwa 2007, alikuwa hajawahi kuingia, anauona kwenye tivii tu. Mei 2025 alikuwa ameshaaga na kijijini kwamba anakuja fainali ya marudiano ya Kombe la Shirikisho Afrika, Simba na RS Berkane, mechi ikahamishiwa Amaan Zanzibar, na boti kwa ile nyonga isingewezekana, akabaki. Ikaisha 1-1, kombe likaenda Morocco kwa jumla ya mabao na mzee akanyamaza wiki nzima. Kwahiyo juzijuzi hapa ilipopatikana mechi ya kimataifa Kwa Mkapa, usiku, nikamwambia mjomba njoo, mi nitakusimamia kila kitu.

Akaja na treni ya umeme. Hapo sina neno, toka ile SGR ianze 2024 mzee kama huyu anatoka Moro anafika Dar chini ya masaa mawili kakaa kwenye kiti kama mtu, anashuka hana maumivu, mi namsubiri na gari namchukua. Yaani safari ya kutoka mkoa mwingine ilikuwa laini, halafu mita mia tano za mwisho ndo zikatutesa. Hilo ndo linaloniuma.

Tulifika mapema, saa tisa alasiri, mechi saa moja usiku. Mi na wazee siendi dakika za mwisho, toka ile fainali ya Yanga na USM Alger Mei 2023 ambapo mtu mmoja alifariki na wengine wakaumia kwenye msongamano pale uwanjani, huwa sitaki kabisa kukutana na kundi la getini. Mandela Road malori ya bandarini yalikuwa yamejaa kama kawaida, tukasogea taratibu, mzee anaangalia jezi nyekundu barabara nzima anafurahi kama mtoto. Tukafika pale yadini.

Kijana wa getini akasema elfu kumi. Siku nyingine wanachukua tano. Nikamuuliza mbona msimbazi mzima kaka, akasema leo kimataifa bosi, na unalipa kabla. Sawa, nikatoa. Kikaratasi cha risiti hamna, kachana daftari la shule kaandika namba ya gari kwa peni akanipa. Hayo yote niliyameza. Nikamwambia kitu kimoja tu, nikamwonyesha na mjomba mle ndani ya gari, nikasema huyu mzee anaumwa mguu, tukitoka nataka niondoke haraka, nipangie sehemu ambayo sizibwi. Akamwangalia mzee akasema "Shikamoo mzee," mzee akaitikia, akasema "Bosi wewe ingia ule mstari wa kwanza karibu na geti, hapo hamna wa kukuziba, nakuahidi." Alisema hivyo, nakuahidi. Kwa mdomo wake. Nikapaki mstari wa kwanza.

Mambo ya uwanjani nayapitisha haraka maana sina malalamiko nayo. Nilikata viti vya rangi ya machungwa ili mzee asiende mbali kule mzunguko kwenye viti vya bei ya chini, kadi ya N-Card yenye tiketi ikasoma vizuri getini, kuna askari wa kike alimwona na fimbo akamtoa kwenye foleni akampitisha pembeni kwa heshima kabisa, dada yule Mungu ambariki. Mjomba alipoingia akaona uwanja ule wa watu elfu sitini alisimama kidogo kwenye ngazi hakusema kitu. Mechi nayo ilikuwa nzuri. Tukasubiri watu wapungue ndo tukatoka, pole pole, mkono wangu mmoja umeshika kiwiko chake, ikatuchukua muda mrefu kufika yadini maana umati, boda zinakatiza katikati ya watu, bajaji zinapiga honi, barabara ya pembeni haipitiki.

Tunafika. Gari langu silioni.

Lipo, ila mbele yake wamepanga mistari mingine mitatu ya magari, na mbele kabisa, limelala kwa upana pale getini, Coaster. Kubwa, la mashabiki wa kutoka mkoani, limezima, dereva hayupo. Mstari wa kwanza umegeuka wa nne. Yule kijana wa ahadi hayupo, nikauliza kwa wenzake wakasema kashaondoka, zamu yake imeisha. Zamu! Mtu anapokea hela za watu saa tisa kisha zamu inaisha magari hayajatoka hata moja?

Kulikuwa na jamaa mmoja mtu mzima kidogo amekaa kwenye kiti cha plastiki chini ya taa, ana kipochi kiunoni, anapanga noti. Huyo ndo mkubwa wao. Nikamfuata, nikamsalimia vizuri tu, habari za jioni kaka, nikamweleza. Hakuinua kichwa. Nikarudia. Akasema "Subirini wenzenu watoke." Nikamwambia wenzetu hawawezi kutoka na Coaster lipo getini, na dereva wake tumtafute wapi, akasema "Atakuja." Nikamwambia kaka nina mzee hapa, mgonjwa, nilimwambia kijana wako na akanipa neno, mguu umeshaanza kuvimba, angalau mpeni hata hicho kiti chako akae. Hapo ndo akainua kichwa. Akamwangalia mjomba wangu toka chini mpaka juu, na ile fimbo, akasema, nanukuu bila kuongeza kitu: "Sasa mzee kama huyu mpira wa nini? Si angebaki nyumbani aangalie kwenye tivii."

Mbele yake. Mzee anasikia.

Jamani. Mzee wa miaka sabini na kitu. Mtu aliyekuwa anaingia Shamba la Bibi wakati huyo bwana labda hajaanza hata shule. Watu kama hawa ndo walioijaza Simba na Yanga kwa miaka yote kabla hakujawa na wadhamini wala jezi za kununua dukani, walikuwa wanatembea kwa miguu kutoka Buguruni, kutoka Keko, wanalipa kiingilio chao, leo mtu kakaa kwenye kiti cha plastiki anahesabu hela yao na anawaambia wabaki nyumbani. Na kiti hakutoa! Akarudi kwenye noti zake.

Mi nilimpandishia, sitaficha, nilimwambia maneno na vijana wakaja kunizunguka. Mjomba ndo aliyenishika shati akasema "Mjomba, acha. Tukae tu." Tukae wapi sasa, hamna pa kukaa, gari lenyewe limebanwa mlango haufunguki vizuri. Aliyetuokoa ni mama mmoja anauza kahawa na kashata nje ya geti, alikuwa ameona yote, akaja na kigoda chake mwenyewe akasema "Baba karibu ukae hapa, pole sana." Akampa na kahawa, na hela alikataa, nilimlazimisha kuchukua. Mama hana geti wala kizibao cha rifleta, hajachukua elfu kumi ya mtu, yeye ndo alijua mzee anatakiwa kukaa.

Tulikaa pale mpaka karibu saa sita usiku. Dereva wa Coaster alikuja anafuta mdomo, ametoka kula, na sijui nimlaumu vipi maana na yeye aliambiwa paki hapo hapo getini. Makosa siyo yake, ni ya hawa wanaojaza gari bila kuacha njia ili wapate elfu kumi za mwisho. Njia ya kutokea waliiuza! Ile nafasi ya getini ambayo gari zingepita waliiuza kama paking. Sasa pakitokea moto mle ndani, au mtu akapata presha, gari inatokaje? Hili nalisema kwa uchungu kabisa maana nimeshaona kwenye mpira wetu watu wanapotea kwa sababu ya msongamano tu.

Halafu subiri. Tunatoka getini, kijana mwingine kanisimamisha, elfu mbili. Ya nini? Ya ulinzi wa usiku, umezidisha muda. NIMEZIDISHA MUDA. Mjomba akasema lipa tuondoke, nikalipa, nikaondoka natetemeka mikono kwenye usukani.

Niseme na haki yao. Gari nililikuta salama, vioo vya pembeni vyote vipo, taa zote zipo, hakuna mkwaruzo, na wanaopaki mitaani mnajua mtu anaweza kurudi akakuta vioo vimeshabebwa. Nilipoanza kuandika nilitaka kuwapa nyota mbili kwa ajili ya hilo, nikasema labda nyota tatu kwa mteja kijana ambaye yuko peke yake, hana haraka, anakaa anapiga stori na wenzake mpaka kupungue. Lakini sasa nimefika hapa nimekumbuka tena sura ya mzee alivyokuwa anaangalia chini baada ya lile neno, na njia nzima ya kurudi nyumbani hakusema chochote kuhusu mechi, mtu ambaye mechi ya 1993 anaisimulia mpaka leo. Hakuna nyota. Nafuta zote. Kulinda kioo cha gari halafu unamvunjia heshima mwenye gari na mjomba wake, huo siyo ulinzi wa kusifia.

Kijana mwenye miguu yake miwili mizima, we panda gari za Mbagala shuka Uhasibu tembea na wenzako, kwanza raha. Usisumbuke na gari. Anayetoka upande wa Tazara na Buguruni naye daladala zipo na akitaka kurudi asitoke na kundi la kwanza. Shida yangu ni hawa ambao hawawezi kutembea, maana kwao daladala ya usiku wa mechi ni kugombania mlango, boda na nyonga mbovu haiwezekani, na bajaji haisogei karibu mpaka watu wapungue. Kwao gari ndo njia pekee na wanaopokea gari ndo hawa.

AFCON 2027 inakuja, sisi na Kenya na Uganda, na wageni watakuja na wazee wao na watu wa viti vya magurudumu, uwanja ni huu huu. Serikali ya mtaa, wenye uwanja, klabu, yeyote anayehusika, hizi yadi zipewe masharti: njia ya kutokea iachwe wazi, risiti itolewe yenye jina na namba ya simu ya msimamizi, na aliyepokea gari awepo mpaka gari la mwisho litoke. Siyo mambo ya mabilioni hayo. Na mstari mmoja wa magari yenye wagonjwa na wazee, karibu na geti, usizibwe hata kama Coaster linalipa elfu thelathini.

Mjomba jana kapiga simu anaulizia ratiba ya mechi ijayo. Nimefurahi mno maana nilidhani ndo basi. Pale yadini hatukanyagi, kwa bei yoyote. Kama kuna mtu anajua sehemu ya kupaki karibu na uwanja ambayo mzee anaweza kushukia getini na gari likatoka muda mwenyewe anapotaka, aniambie, nipo tayari kulipa hata elfu ishirini na kukaa nao wanionyeshe mapema njia ya kutokea ni ipi.