Uzoefu wangu na kadi ya NHIF hapa Tanga: soma fomu kabla hujasaini

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nakaa Makorora. Kila mwezi asilimia 3 ya mshahara wangu inakwenda Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF), na mwajiri anaweka 3 nyingine. Miaka mingi niliyaona ni makato kama makato mengine, mpaka mama alipoanza sukari na presha nikamwandikisha awe mtegemezi wangu. Ukiacha mwenza, unaruhusiwa wategemezi wanne, na wazazi wamo.

Nianze na haki yake: bima imenibeba. Kliniki ya hospitali ya Bombo, vipimo, dawa, na mara moja kulazwa siku sita sukari ilipompanda, vyote sikulipia. Mfukoni zilitoka nauli ya bajaji na hela ya uji tu. Kwa mshahara wangu, bila kadi ile ningekuwa nimeshauza kiwanja.

Shida ndogo ilikuwa vidole, maana hospitali mwanachama anatambuliwa kwa alama za vidole. Mama amesuka makuti tangu usichana wake, ncha za vidole zimekuwa laini kama kokoto za ufukweni, mashine haizisomi. Dada wa mapokezi alimfuta kwa kitambaa kibichi, akajaribu kidole hiki na kile, mara ya nne ikakubali. Na kadi yenyewe aliifunga kwenye pindo la kanga, kanga ikafuliwa nayo. Picha ikachubuka hadi sura haionekani, ikabidi niombe nyingine. Sasa inakaa kwenye kimfuko cha nailoni ndani ya sanduku lake, na namba ya uanachama nimeiandika kwenye daftari langu.

Lililoniuma zaidi lilitokea kwenye duka moja la dawa. Hospitali dawa moja ya presha ilikuwa imeisha, tukapewa fomu tukachukue nje. Mhudumu akatoa vidonge vya siku 14, akasema vingine havipo. Kisha akasogeza fomu na kalamu: "Bibi, weka sahihi hapa." Mama hasomi bila miwani, na miwani ilikuwa nyumbani. Nikaivuta fomu. Imeandikwa vidonge vya siku 30, na chini yake mrija wa dawa ya kupaka ambao daktari hakuandika wala sisi hatukuuona.

Nikamuuliza. Akasema, "Mwalimu, hilo ni kosa la kuandika tu," akataka kukatia mstari juu kwa juu. Nilikataa. Nilisimama pale dirishani hadi akaandika fomu nyingine yenye kile tulichopokea, nikaihesabu dawa mbele yake, ndipo mama akasaini. Watu nyuma yangu walinung'unika na nawaelewa. Lakini sahihi ile ndiyo inayolipa. Ukisaini za siku 30, Mfuko umelipa za siku 30, na wewe ukirudi baada ya wiki mbili unaambiwa ulishachukua za mwezi mzima. Mgonjwa wa presha anakaa siku 16 bila dawa kwa sababu ya kalamu ya mtu mwingine.

Jambo la kuazima kadi pia limenigusa. Jirani yangu, mtu tunayeombana chumvi, alikuja usiku, bintiye ana homa kali. Mtoto huyo ni rika moja na binti yangu, basi jirani akaniomba kadi ya binti yangu. Nilimwambia, "Dada yangu, kadi siwezi, ila twende." Tulipanda bodaboda, nikachangia kipimo cha malaria na dawa. Kukataa kuliniuma, lakini ugonjwa wa mtoto wake ungeandikwa kwenye faili la mtoto wangu, na siku wangu akizidiwa daktari angesoma historia isiyo yake. Baadaye tulimsaidia kujiunga na CHF iliyoboreshwa, yaani Mfuko wa Afya ya Jamii, wakati ule ilikuwa 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita.

Mwezi uliopita tulirudi kuchukua dawa, safari hii duka jingine. Kijana akasogeza fomu kabla hajafunga hata bahasha. Mama akaweka kalamu chini, akanigeukia: "Mwanangu, nisomee kwanza." Nikamsomea mstari kwa mstari, yeye akigusa kila bahasha kwa kidole. Zilitimia zote.