Betri ya gari la zamani: uliza vichwa kwanza

Wenye magari ya zamani hapa Mwanza wananiletea lalamiko lilelile. Umenunua betri, umebandua stika, umeipaka nyeusi ikapendeza. Siku ya harusi boneti inafunguliwa watu wapige picha, na kinachoonekana ni kipande cha bati kimeviringishwa kwenye kichwa cha betri ili waya ukaze!

Volti na ampea fundi yeyote atakutajia. Mimi nauliza unene wa vichwa. Betri nyingi za saizi ya NS60 zina vichwa vyembamba: chanya ni milimita 14.7, wakati Land Rover kuukuu inataka 19.5. Tena Land Rover na Morris nyingi za enzi zile hazibani waya kwa nati. Zina kofia inayovikwa juu ya kichwa, ikashikwa na skrubu moja inayozama kwenye risasi ya kichwa hicho. Kichwa kikiwa chembamba, kofia inadidimia, inacheza, inapata moto, kisha ule unga mweupe unaanza kuota.

Kati ya betri za kufaa magari haya, namba moja kwangu ni Lucas Classic, wala sifichi. Boksi jeusi, vichwa vinene, sura ya zamani. Itabidi uagize Uingereza. Omba ije kavu, maji makali (asidi) utajaza hapahapa.

Ya pili ni boksi kongwe la ebonaiti, yaani mpira mgumu mweusi, ndani ukafiche betri ndogo isiyojazwa maji. Kwa macho tu inaipita hata Lucas: lami juu, na vile vipande vya risasi vinavyounganisha seli viko nje. Shida ni kulipata, maana wanunuzi wa chakavu huyapasua watoe risasi. Usilizibe kabisa, gesi lazima itoke.

Ya tatu, betri ya saizi ya N70 yenye vichwa vinene. Paka rangi, acha matundu ya vizibo. Mifuniko ya plastiki ya kuvalisha juu, hapana.

Mwenye Volkswagen mgongo wa chura usihangaike, betri yako iko chini ya kiti cha nyuma. Nani ataiona?

Sasa wauzaji. Ukitaka vichwa vinene unaambiwa, "Chukua hii dada, itaingia tu." Ukishikilia, bei inapanda palepale. Ikifa kabla ya dhamana kwisha, wanauliza stika iko wapi. Risiti unayo mkononi, tarehe imegongwa kwenye boksi lenyewe, bado wanataka stika!