Kifaa cha kupimia joto la transfoma: nimekaa nacho miezi saba

Mimi ni fundi umeme kwenye mashine ya kukoboa mpunga, Ifakara. Transfoma yetu ni ya kVA 315, inashusha umeme kutoka kilovolti (kV) 33 hadi 0.4, na siku zote kipimajoto chetu kilikuwa kiganja: unagusa tangi, ukishindwa kuhesabu hadi tatu unamwambia bosi azime kinu kimoja.

Kifaa ni kiboksi chenye laini ya simu, sensa mbili za joto na klampu tatu za kusoma ampia za kila fezi. Joto likivuka kiwango ulichoweka, unapata meseji. Kijitabu kinasema bandika sensa ya sumaku ubavuni mwa tangi, basi. Usiridhike na hiyo. Ubavuni ilisoma nyuzi 58, wakati ile niliyoitumbukiza kwenye mfuko wa kipimajoto juu ya kifuniko ilisoma 67. Mafuta ya kupozea yaliyomo ndani ya tangi yakipata moto hupanda juu, na huko ndiko kwa kupima. Kazi hiyo tuliifanya umeme ukiwa umekatwa na nyaya kuwekwa ethi, yaani kuunganishwa na ardhi. Na 33 kV hakuna utani.

Kilichonishangaza ni saa. Nilidhani hatari ni saa saba mchana, jua la utosini. Meseji ya kwanza ikaja saa tatu usiku: nyuzi 83. Kumbe mafuta huchelewa kupata moto. Mzigo wa alasiri unakuja kulipwa usiku, fundi ameshalala. Asubuhi nikakagua mapezi ya kupozea, nikakuta pumba na vumbi vimegandamana kama tope. Tukayasafisha, na mashine ya kuchomelea tukaihamisha kutoka fezi nyekundu iliyokuwa imeelemewa. Wiki ile hatukuvuka 75.

Lawama ninazo. Joto la koili kinalikadiria tu kutokana na ampia, nalo ndilo linalokula karatasi inayohami nyaya za koili: ukishapita nyuzi 98, kila 6 zinazoongezeka karatasi huzeeka kwa kasi maradufu. Tena salio la meseji likiisha kinanyamaza kimya, hakina hata kengele. Nililigundua siku ya nne.

Unyevu hakiujui kabisa. Mwezi uliopita silika jeli yetu, zile chembe za kufyonza unyevu wa hewa inayoingia kwenye transfoma, ilikuwa imeshageuka kutoka bluu kuwa waridi chupa nzima, yaani imeshiba unyevu, na kifaa kila asubuhi kinaniandikia "HALI NZURI".