Ofisi ya mlezi au duara chini ya mwembe?

Wanafunzi wazungumzie wapi mambo ya mapenzi na mahusiano: kwa mlezi ofisini, au pamoja na wenzao? Shule nyingi za sekondari hapa Mwanza zina mwalimu wa malezi na ushauri. Uzuri wa ofisi yake ni kutunza siri. Binti aliyezoea kupewa lifti na bodaboda hadi Igoma, kisha akaanza kudaiwa fadhila, hawezi kulisema hilo mbele ya wenzake. Anahitaji mlango unaofungwa, na mtu mzima anayeijua namba 116, simu ya bure ya kusaidia watoto. Tatizo, mara nyingi mlezi huyohuyo ndiye anayeshika fimbo asubuhi mstarini. Nani atamfungukia?

Duara la wanafunzi, wanapokaa pamoja chini ya mwembe kuzungumza, halitunzi siri, tusidanganyane. Lakini ndipo wavulana husikia, pengine kwa mara ya kwanza, kwamba kumpekulia mpenzi simu si mapenzi. Nimemwona kijana wa kidato cha tatu akiinama, akichora mchangani kwa kijiti, msichana alipoeleza jinsi wivu wa namna hiyo unavyotisha. Mwalimu peke yake asingemfikisha pale.

Mimi ningeanza na duara, ila mlezi asiye na fimbo awe jirani. Tangu Novemba 2021 mwanafunzi aliyejifungua anaruhusiwa kurudi darasani. Naye apewe nafasi kwenye duara, asikae pembeni kama mgeni.