Trela Yako na Baridi ya Minnesota: Kipi Ununue Kwanza Kulinda Mabomba ya Maji

Mwaka wangu wa kwanza na trela, ile nyumba ndogo ya kuvutwa na gari, mwezi Aprili, niliivuta hadi kambi moja kusini mwa Minnesota, jimbo la kaskazini mwa Marekani, nikaunga mpira wa maji, nikafungua koki. Hazikupita dakika tano mke wangu akaniita kutoka ndani: "Baba Asha, haya maji chini ya kitanda ni yako?" Yalikuwa yangu. Pampu ilikuwa na ufa mwembamba kama unywele, na bafu la nje, lile la kuoshea miguu yenye mchanga, koki yake ya plastiki ilikuwa imefunguka vipande viwili.

Oktoba iliyotangulia nilimwaga tenki la maji safi, nikafungua vizibo vya chini ya trela, maji yalipoacha kudondoka nikafunga mlango na kuondoka. Mtu aliyekulia Tanga atajulia wapi kwamba maji kiasi cha kijiko yaliyobaki ndani ya pampu yanatosha kuipasua? Maji yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9. Paipu zenyewe, kama ni zile za plastiki laini zinazofungwa kwenye trela nyingi siku hizi, huvumilia kidogo. Kinachopasuka ni viungio, koki, pampu, vali ya choo na hita ya maji.

Tangu hapo nimejaribu karibu kila kitu kinachouzwa kwa kazi hii. Huu ndio mpangilio wangu, kuanzia kinachostahili pesa yako kwanza.

1. Antifrizi ya pinki, ikivutwa na pampu ya trela yenyewe

Antifrizi ni majimaji yanayojazwa kwenye mabomba badala ya maji ili yasipasuke kwa baridi; trela ya kawaida inakula galoni 2 hadi 3, yaani lita 7.5 hadi 11 hivi, na bei yake ni ya kununulia chakula cha mchana. Usiichanganye na kulanti ya kijani ya gari, ile ya kuwekwa kwenye rejeta. Ile ni sumu, ina utamu unaovutia mbwa na watoto, na haitakiwi kukaribia bomba unalonywea maji. Ya trela hutengenezwa kwa propilini glaikoli. Soma kibandiko nyuma ya chupa, kwa sababu rafu hiyohiyo ina nyingine za bei nafuu zilizochanganywa na ethanoli. Hizo hushika moto, hukausha mipira ya vali, na harufu yake utaisikia mpaka Juni. Mimi sizinunui hata zikiwa nusu bei.

Namba -50 iliyoandikwa mbele huwachanganya wengi. Ni nyuzi za Fahrenheit, sawa na -46 hivi za Selsiasi, na maana yake ni kwamba hadi hapo haitapasua paipu. Haina maana kwamba itabaki majimaji. Itakuwa ujiuji mapema zaidi, na usishtuke ukiiona hivyo. Cha kushtukia ni kuimimina juu ya maji yaliyobaki, maana ikizimuliwa nguvu hupungua. Mwaga kwanza, ndipo uvute.

Pamoja nayo nunua vitu viwili. Cha kwanza ni kifaa cha kuvutia: vali ndogo ya njia tatu na kipande cha mpira, vinafungwa kati ya tenki na pampu. Ukigeuza vali, pampu inaacha tenki na kunyonya moja kwa moja kutoka kwenye chupa. Kukifunga ni kazi ya nusu saa na bisibisi. Cha pili ni baipasi ya hita, yaani vali zinazopitisha maji kando ya hita bila kuingia ndani yake. Tenki la hita katika trela nyingi linachukua galoni 6, kama lita 23, na bila baipasi utalijaza lote antifrizi kabla tone moja halijafika jikoni. Kabla hujanunua, fungua kile kibao kilicho mbele ya mgongo wa hita, ndani ya trela, uangalie. Trela nyingi za karibuni zimetoka kiwandani na vali hizo, na nimeona watu wakinunua cha pili wakati cha kwanza wamekikalia.

Kazi yenyewe ina raha yake. Unawasha pampu na kufungua koki ya jikoni upande wa baridi: maji meupe kwanza, kisha inakohoa hewa, kisha pinki iliyopauka. Usifunge hapo. Subiri iive, iwe rangi ya vidole vya mtoto aliyemaliza pakiti ya ubuyu wa Zanzibar, ndipo uhamie upande wa moto, kisha koki inayofuata. Choo nacho. Bafu la nje nalo, tafadhali. Mwisho mimina kikombe kimoja kwenye kila sinki na sakafu ya bafu, kwa ajili ya kile kiwiko cha bomba kinachobaki na maji chini yake.

Kuna sehemu moja antifrizi ya pampu haifiki: tundu la pembeni unapounga mpira wa kambini. Ndani yake mna vali inayozuia maji kurudi nyuma, na nyuma ya vali hiyo maji hubaki. Zima pampu, fungua koki moja presha itoke, chomoa kichujio kidogo cha tundu hilo, kisha bonyeza katikati ya vali kwa ncha ya bisibisi mpaka pinki itoke. Simama pembeni, si mbele.

2. Kompresa na adapta ya kupulizia

Kama tayari una kompresa ya hewa gereji, adapta ya shaba ya kuiunga na tundu la pembeni ni chini ya dola 20 na hakuna njia ya haraka kuliko hii. Wengine wanaipenda kwa sababu Aprili hawana kitu cha kusuuza. Mimi naiweka ya pili kwa sababu haikuoneshi ilipokosea: hewa hupita juu ya maji yaliyolala bondeni mwa paipu na wewe ukadhani pamekauka.

Weka presha kati ya psi 30 na 40 (psi ni kipimo cha presha), usivuke hapo. Fungua koki moja moja, rudia mzunguko mara mbili au tatu. Hewa inayoingia kwenye tundu la pembeni haipiti ndani ya pampu, kwa hiyo mwishoni iwashe pampu sekunde chache iteme ilichobakiza. Pampu ndogo ya tairi ya kuchomeka kwenye gari isikudanganye. Ina presha lakini haina ujazo: inatoa "pshh" moja, kisha kimya, na maji yamekaa palepale.

Fundi anayeegesha jirani yangu hufanya zote mbili, anapuliza kwanza kisha anavuta pinki. Kama una vifaa vyote, mfuate yeye.

3. Pampu ya mkono

Inasukuma antifrizi kupitia tundu la pembeni. Nunua tu kama pampu ya trela imekufa. Mkono utachoka, na pampu ile iliyokufa itabaki na maji yake ndani.

4. Vifaa vya joto

Mpira wenye waya wa joto ndani, mikeka ya umeme ya kubandika chini ya matenki, mapazia ya kuzungushia trela chini upepo usipite. Hivi ni vya anayeishi humo wakati wa baridi: muuguzi wa mkataba wa wiki 13 aliyeona kodi ya nyumba haishikiki, au kijana wa visima vya mafuta kule North Dakota. Kwake vingekuwa namba 1, na angeanza na mapazia kabla ya mpira, maana upepo wa chini ndio unaogandisha matenki. Mpira mmoja wa futi 25 unaweza kuzidi dola 100. Kwa sisi tunaoegesha trela Oktoba na kuirudia Aprili ni pesa imetupwa, na umeme ukikatika usiku mmoja wa Januari hakuna kilichobaki kukulinda. Kuhusu wazo la kuacha hita ya chumba ikiwaka ndani ya trela isiyo na mtu, sijaliwekea namba.

Spana ya hita

Nusura nikisahau hiki kidogo. Hita haiwekewi antifrizi, inamwagwa. Izime, iache ipoe, toa presha kwa vali ya juu, ndipo ufungue kizibo cha chini. Kwenye hita za kampuni ya Suburban kizibo hicho kina fimbo ya chuma inayoliwa na kutu badala ya tenki, na kinafunguliwa kwa soketi ya inchi 1 na 1/16. Ukiikuta imebaki waya mtupu, nunua nyingine sasa. Za kampuni ya Atwood zina kizibo cha plastiki, na soketi yake ni ndogo zaidi.

Kizibo hicho nakifunga kwa uzi kwenye swichi ya hita, ndani, na juu yake nabandika utepe. Aprili mtu akiwasha hita ya umeme ikiwa tupu, waya wake wa joto huungua hata kabla hajamaliza kuchemsha chai.