Kadi za visa vya historia: nimezicheza wiki nzima

Assalamu alaykum watazamaji wangu, karibuni tena. Niko barazani kwetu hapa Mji wa Kale, na hili ndilo kasha mlilokuwa mkiniuliza. Ndani mna kadi 60 za visa vya historia ya dunia visivyosimuliwa sana. Mbele swali, nyuma jibu. Nimelinunua shilingi 1,500, na kila usiku baada ya Isha tumecheza na binamu zangu.

Tazameni pembe hii. Karatasi ni nyembamba, na kwa joto letu jasho la vidole limeanza kufuta wino. Kwa bei hiyo nilitarajia kadi ngumu zaidi.

Visa vyenyewe vimechaguliwa vizuri. Yumo twiga wa Malindi, hapo jirani, aliyefikishwa China mwaka 1415 kwa mfalme Yongle, wakamwita qilin, mnyama wa baraka katika hadithi zao. Limo tangi la molasi lililopasuka Boston tarehe 15 Januari 1919 likaua watu 21. Binamu yangu mdogo aliigeuza kadi ile mara tatu, haamini.

Sasa kadi hii, namba 41, ndiyo iliyonikera. Yauliza: vita vifupi kuliko vyote vilipiganwa wapi? Jibu: Zanzibar, tarehe 27 Agosti 1896, dakika 38. Basi, kadi imekwisha!

Jamani, kisa ndipo kinapoanza. Sultani Hamad alifariki tarehe 25, binamu yake Khalid bin Barghash akaingia kasri na kujitangaza sultani bila idhini ya Waingereza, ambao Zanzibar ilikuwa chini ya ulinzi wao. Wakampa mpaka saa tatu asubuhi ahame. Hakuhama, manowari zikafyatua mizinga. Upande wake watu wapatao 500 waliuawa au kujeruhiwa. Upande wa Waingereza aliumia baharia mmoja. Watu 500, na kadi yahesabu dakika tu.

Khalid akakimbilia ubalozi mdogo wa Wajerumani. Waingereza wakamvizia nje: akikanyaga ardhi ya Zanzibar, wamkamate. Wajerumani wakangoja bamvua, siku bahari inapojaa kupita kawaida. Tarehe 2 Oktoba maji yalipojaa, mashua yao ikasogea mpaka uani, Khalid akapanda moja kwa moja kutoka ubalozini, akapelekwa Dar es Salaam. Sisi watu wa pwani twajua maji ya bamvua yanavyopanda, kwa hiyo nilipolisoma hilo nililiona kwa macho yangu.

Waingereza walimkamata mwaka 1916, wakampeleka uhamishoni Shelisheli na Saint Helena. Baadaye wakamruhusu kurudi Afrika Mashariki. Akafia wapi? Hapa hapa Mombasa, mwaka 1927. Wangapi kati yetu tuliambiwa hilo shuleni?

Kwa watoto wa miaka kumi kwenda juu, nunueni. Mabishano ya barazani yamekuwa matamu. Ila hii namba 41, ngojeni nisogeze kamera… mwaona? Nafasi iliyobaki chini ya jibu nimeandika kwa kalamu: “Khalid, Mombasa, 1927.”